Mtoto wa Kopo na Masurufu Yake

Jumapili moja ya mwezi uliopita, tulipokuwa tukitoka kanisani hapa Bujora, mama mmoja kijana alitusimamisha njiani, akamshusha mtoto wake mgongoni ili tumtazame. Akasema, "Mwalimu, mwanangu huyu alizaliwa mdogo, nami sikupata maziwa, nimemlea kwa kopo. Nanyi mwaona alivyonona. Mbona basi mama wa kwenu ameniambia nimpeleke Kisesa akapimwe damu? Mtoto mnene namna hii amepungukiwa na nini?"

Tulimtazama mtoto. Kweli mashavu yalikuwa yamejaa. Tukakifungua kiganja chake, tukakilinganisha na kiganja cha mama yake. Hatukumjibu papo hapo, maana jibu letu ni refu, tena lina aibu yetu ndani yake. Tukamwahidi kwamba tutaliandika katika gazeti hili, alisome yeye na wengine wenye watoto kama huyo.

Mwezi wa Machi, mwaka 2022, binti ya ndugu yetu alijifungua kabla ya siku zake. Mimba ilikuwa imepita miezi saba kidogo tu. Mtoto, mwanamume, alipowekwa mizanini alikuwa na kilo 1 na gramu 700. Hesabu ya waganga ni kwamba mtoto azaliwaye chini ya kilo 2 na nusu ana uzito mdogo, na aliye chini ya kilo 1 na nusu ana uzito mdogo sana. Basi wetu alikuwa karibu na mpaka ule wa chini. Mama yake alitokwa na damu nyingi, na siku ya tatu akafariki dunia. Tukarudi nyumbani na msiba, mtoto akabaki hospitali na shangazi yake.

Shangazi huyo alimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, muda wa majuma matatu. Wazee walishangaa kuona mtu mzima amefungiwa kitoto kifuani kama mnyama yule wa Australia aitwaye kangaruu. Lakini jambo hili limepimwa. Mwaka 2021 zilitolewa habari za utafiti uliofanywa katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, juu ya watoto waliozaliwa na kilo 1 hata karibu kilo 1 na gramu 800. Wale waliobebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungojea wapate nguvu kwanza, walikufa 12 katika kila 100 kabla ya kutimiza siku 28. Wale waliongojewa walikufa karibu 16. Twasema haya ili shangazi yule apate sifa zake, kwa kuwa yeye hakukosea. Makosa yalianza mtoto alipofika mikononi mwetu.

Siku ya kutoka hospitali alikuwa amefika kilo 2. Tulipewa maagizo ya maziwa ya kopo, na pamoja nayo kichupa kidogo cha dawa ya chuma, ya kumpa matone kila siku kwa kadiri ya uzito wake. Muuguzi alieleza vizuri, nasi tulitikisa kichwa kama watu waliosikia.

Juma la kwanza matone yalitolewa. Kisha choo cha mtoto kikawa cheusi kama masizi ya chungu. Bibi yake akaja kwetu jioni, amekikunjia kitambaa mkononi, akasema, "Mwanangu, tazama. Dawa hii yamchoma mtoto matumbo. Tumekwisha kumzika mama, je, na huyu tumzike?" Sasa wasomaji waone kosa la mtu anayeitwa msomi. Hatukumwambia kwamba ndivyo chuma kifanyavyo, wala hatukwenda kumwuliza muuguzi. Tulivaa miwani, tukalichukua kopo, tukasoma maandishi yake madogo. Tukaona imeandikwa kwamba maziwa yale yametiwa chuma, na zinki, na shaba, na iodini. Tukasema kwa sauti ya hakimu, "Bibi, chuma kimo tayari ndani ya maziwa. Ya nini kumwongezea?" Kichupa kikapandishwa juu ya kabati, kikakaa huko.

Kosa la pili lilitokana na mfuko. Kopo la gramu 400 hutoa kama lita 3 za maziwa. Mtoto wa kilo 2 hunywa kadiri ya mililita 300 kwa siku, basi kopo humtosha siku 10. Akifika kilo 3 halimfikishi juma. Yeyote aliyeuliza bei ya kopo dukani aweza kumaliza hesabu mwenyewe. Na sisi Wasukuma ni watu wa ng'ombe. Zizini palikuwa na ng'ombe wawili wanaokamwa. Mwezi wa pili tukaanza kuchanganya: nusu ya kopo, nusu ya ng'ombe, na maji kidogo ili yasiwe mazito. Mtoto alikunywa, akalala, akanenepa. Wageni walikuja wakatusifu.

Alipotimiza miezi minne alikuwa na kilo 5. Ndipo tulipoanza kuona mambo. Midomo yake ilikuwa imepauka, na viganja vyeupe kama vya mtu aliyekaa sana majini. Alikuwa mpole kupita kiasi, halii hata akinyimwa. Kuzunguka mdomo na makalioni palitoka vidonda visivyopona kwa mafuta wala kwa poda. Kisha akaanza kuharisha. Wengine walisema ni mchango, wengine wakasema ni jicho la watu kwa sababu ya unene wake. Siku alipoanza kuhema upesi, mbavu zikiingia ndani, hatukungojea shauri la mtu tena. Tulipanda gari usiku.

Damu yake ilipopimwa ilikuwa 5.2, ambapo kwa mtoto wa umri wake ingalipasa kupita 10. Baba yake akatoa damu, akatiwa mtoto. Asubuhi daktari alituita. Alikuwa binti mdogo kuliko kifungua mimba wetu. Akatuamkia, "Shikamoo mwalimu," kisha akauliza swali moja baada ya jingine: alizaliwa na uzito gani, anakunywa nini, kopo moja lakaa siku ngapi, matone yako wapi. Tulipofika kwenye matone, bibi alitutazama sisi, nasi tukatazama sakafu. Tukamweleza yote, hata lile neno letu kwamba chuma kimo ndani ya kopo.

Hakutukemea. Alichukua karatasi, akatuandikia hesabu, nasi tunaiweka hapa kama alivyoiandika.

Mtoto akiwa tumboni, alisema, hupokea kwa mama yake masurufu ya safari. Chuma, zinki na shaba hutiwa katika mwili wake, hasa katika ini, na sehemu kubwa ya akiba hiyo hupakiwa katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto aliyezaliwa siku zake zimetimia ana chuma kadiri ya miligramu 75 katika kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo 3 na gramu 200 ana miligramu 240. (Miligramu ni sehemu moja ya elfu ya gramu, ni kama vumbi tu kwenye ncha ya sindano.) Kwa akiba hiyo hukaa miezi minne hata sita akitengeneza damu yake, huku uzito wake ukiongezeka maradufu. Wetu aliondoka kabla ya kufungiwa mzigo. Kwa kilo 1 na gramu 700 alikuwa na miligramu 128 hivi, na katika miezi minne uzito wake ulikuwa karibu mara tatu. Mwili umekua, damu ya kuujaza haina cha kutengenezewa. "Basi, mwalimu," akasema, "unene wake ndio uliomaliza akiba upesi."

Maneno hayo yalituchoma, kwa kuwa unene ndio tulioutangaza.

Kisha akaja kwenye kopo. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yametengenezwa kwa ajili ya mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni. Chuma ndani yake huwa miligramu 4 hata 12 katika lita, kwa kadiri ya kopo na kopo. Alisoma kopo letu: 6. Mtoto wetu alipotoka hospitali alikunywa mililita 300, basi alipata chini kidogo ya miligramu 2 kwa siku. Madaktari wa watoto wa Ulaya hushauri kwamba aliyezaliwa chini ya kilo 2 apate miligramu 2 hata 3 kwa kila kilo yake. Yaani wetu alihitaji 4 hata 6. Maandishi ya kopo hayakusema uongo. Sisi ndio tuliosoma jina la chuma bila kusoma kiasi chake. Matone yalikuwa ya kujaza upungufu huo.

Na yale maziwa ya ng'ombe? Lita nzima ina chuma cha nusu miligramu hivi au pungufu, na hicho kidogo huzuiwa na wingi wa kalsiamu na protini iliyomo. Tena matumbo ya mtoto mchanga huweza kuvuja damu kidogo kidogo kwa sababu ya maziwa hayo, wala jicho haliioni. Chumvi zake nazo ni mzigo kwa figo ambazo hazijakomaa. Ndama huyanywa akasimama na kukimbia, lakini ndama hakuzaliwa na kilo 1 na gramu 700. Maziwa ya mama yana chuma kidogo pia, lakini mwili wa mtoto hukipokea kwa wepesi kupita cha kopo. Hata hivyo mtoto njiti anyonyaye kwa mama yake hupungukiwa vilevile. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2022, limesema watoto kama hao waongezewe chuma ikiwa hawakipati kwa njia nyingine.

Habari ya vidonda ilikuwa ya zinki. Madini haya hujenga ngozi na matumbo na nguvu ya kushinda maradhi, nayo akiba yake hupakiwa mwishoni kama ya chuma. Mtoto akiharisha, zinki hutoka pamoja na choo, na ikitoka, matumbo hayaponi, naye huharisha zaidi. Kwa hiyo tangu mwaka 2004 mashirika ya dunia yameagiza kwamba mtoto aharishaye apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na pamoja nayo zinki siku 10 hata 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi. Vidonge vile ni vidogo, huyeyuka kijikoni. Wa kwetu alipewa, na siku ya tano ngozi ya mdomoni ilianza kufunga. Bibi alikuwa akiihesabu siku kwa siku kwa kokoto dirishani.

Shaba nayo ina habari yake, ingawa kwetu haikupimwa. Mwaka 1964 waganga Cordano, Baertl na Graham, huko Lima katika nchi ya Peru, waliandika juu ya watoto waliodhoofu sana, ambao walikuwa wakilishwa maziwa ili wapate nafuu. Waliongezeka uzito, lakini damu ikapungua, na mifupa ikaharibika, hata walipopewa chuma. Walipopewa shaba walipona. Maziwa ya ng'ombe yana shaba kidogo mno, na mtoto aliyekua upesi kwa maziwa hayo peke yake alikuwa amemaliza akiba ya ini lake. Tulipoisikia habari hiyo tuliona kama twasimuliwa ya nyumbani kwetu.

Tena daktari alituuliza kama marehemu alikuwa akila pemba, ule udongo wa vijiti uuzwao sokoni. Bibi akakiri. Si ajabu, huko Geita watafiti walioandika mwaka 2014 walikuta kwamba karibu nusu ya wajawazito waliowauliza hula udongo. Udongo tumboni hushika chuma na zinki zisiingie mwilini, basi mama hukosa, na mtoto hupakiwa kutoka ghala lililo tupu. Hatumlaumu marehemu. Mwenye damu pungufu huutamani udongo, na hakuna aliyemwambia.

Hapa twapenda kumzuia msomaji mmoja ambaye tayari amekwisha kusimama kwenda duka la dawa. Jirani yetu alifanya hivyo. Aliposikia habari ya mtoto wetu alinunua chuma akawagawia watoto wake wote watano, wazima wa afya, kama pipi. Daktari aliposikia alishtuka kuliko alivyoshtuka kwa kosa letu. Kisiwani Pemba, penye malaria nyingi, palifanywa jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo chuma kila siku, kila mtoto bila kumpima kwanza. Mwezi wa Agosti, mwaka 2003, sehemu ile ya chuma ilisimamishwa, kwa sababu waliopewa walizidi kwa sehemu 12 katika 100 kulazwa hospitali au kufa kuliko wasiopewa. Habari hizo zilitolewa mwaka 2006. Lakini miongoni mwao, wale waliokuwa na upungufu wa kweli walipata faida. Nasi tukaao pwani ya ziwa hili twajua mbu wetu. Kwa hiyo chuma ni cha aliyekosa masurufu, kwa kipimo cha mganga, naye alale ndani ya chandarua; na kichupa kiwekwe mbali na watoto wengine, maana kikinywewa chote huua.

Turudi kwa mtoto. Tulitoka hospitali na kichupa kingine, na safari hii bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa mshika matone. Kila asubuhi alimtolea, kisha alikitazama choo, na kikiwa cheusi aliridhika. Kopo halikuchanganywa tena. Ng'ombe mmoja aliuzwa mnadani ili makopo yanunuliwe. Jambo hili lilileta maneno katika ukoo, kwani ng'ombe yule alikuwa wa mahari ya kijana mwingine, na kijana huyo hakutusemesha muda wa miezi. Maji tuliyachemsha, tukayatia katika unga yangali moto sana, kisha tukayapoza, kwa sababu unga wa kopo hautoki kiwandani ukiwa safi kabisa bila vijidudu. Akanyweshwa kwa kikombe, si kwa chupa yenye mpira ambayo haisafishiki vema. Tuliuliza pia kama kuna maziwa ya akina mama wengine. Huko Nairobi, katika hospitali ya Pumwani, tangu mwaka 2019 iko akiba ya maziwa yaliyotolewa na akina mama, yakapimwa na kuchemshwa kwa ajili ya watoto kama hawa. Lakini kutoka Bujora hata Nairobi si njia ya kikombe cha maziwa.

Alipotimiza miezi sita damu ilikuwa 10 na nukta 6. Akaanza kula: uji, na dagaa waliosagwa laini, na maini siku zilipopatikana.

Sasa ametimiza miaka mitatu na zaidi. Hukimbia, hupanda jiwe lililo nyuma ya nyumba yetu, hugombana na kuku. Walakini maneno yake ni machache kuliko ya wenzake, na akipewa mchezo hauachi kwa kuchoka bali huusahau katikati. Huenda ni kwa sababu ya kuzaliwa mapema, huenda ni tabia yake. Lakini tulimwuliza daktari kama ile miezi minne yaweza kuwa imegusa akili, akatujibu bila kutuficha. Huko Sweden walichukua watoto 285 waliozaliwa na kilo 2 hata 2 na nusu, wengine wakapewa chuma tangu juma la sita hata mwezi wa sita, wengine hawakupewa. Walipofika miaka mitatu na nusu, wale wasiopewa ndio waliozidi sana kwa tabia za kuwasumbua wazazi wao. Na hao walikuwa wakubwa kuliko wetu, wala damu yao haikupungua mpaka 5. Chuma hujenga bongo kama kijengavyo damu, na damu hujazwa tena upesi kuliko bongo.

Basi, mama uliyetuuliza njiani, hili ndilo jibu. Mwanao ni mnene, nasi twafurahi. Mpeleke Kisesa Jumatatu pamoja na kadi yake, nawe uchukue na kopo lenyewe ili wasome kiasi kilichoandikwa. Waambie alizaliwa na uzito gani, na kopo moja lakaa siku ngapi, wala usione haya kusema kweli kama unachanganya. Wamekwisha kuyasikia kwetu. Wakikupa matone na choo kikawa cheusi, mwite bibi huyu wa kwetu aje akitazame. Amesema yu tayari kuja hata usiku. Sisi tutakuwa njiani siku ya Jumatano, twampeleka mtoto wetu kupimwa usemi wake.